Kila nilichomeza kilipita pembeni ya sauti

Jumatano asubuhi nilifungua mdomo kusalimia darasa, ukatoka upepo mtupu. Watoto wakacheka wakidhani nawafanyia mzaha. Siku tatu nilikuwa nimepwelewa sauti na bado nafundisha kwa kuilazimisha, dirisha wazi upande wa barabara. Dawa yangu ilikuwa kumeza: maji ya moto, asali, vidonge vya kunyonya. Nilimeza kila kitu isipokuwa ushauri.

Daktari wa koo aliniuliza, "Hivyo vyote unavyomeza, unadhani vinafika wapi?" Nikamwonesha hapa shingoni. Akatikisa kichwa.

Weka vidole viwili juu ya koromeo, kisha meza mate. Umelihisi linapanda na kushuka? Linapopanda, kifuniko kidogo kinalala juu ya njia ya hewa, na nyuzi za sauti zenyewe zinafungana kwa nguvu, tonge lipite nyuma liingie kwenye umio. Mpangilio huo ukikosewa kidogo tu, tunapaliwa. Kazi ya kwanza ya nyuzi hizo ni kulinda mapafu. Kusema ni kibarua cha ziada. Kwa hiyo asali yangu ilikuwa inapita jirani tu. Iliniliwaza koo la juu, lakini penye maumivu haikufika hata tone.

Sasa shusha vidole kidogo, uvute "sss", halafu "zzz". Kwenye "sss" shingo imetulia, hewa inapita tu. Kwenye "zzz" kuna mtetemo chini ya vidole. Hapo mapafu yanasukuma hewa juu, hewa inazikuta nyuzi mbili zimekaribiana, inazitenganisha, zinarudi kugusana, inazitenganisha tena. Kwa mwanamume hutokea kama mara 100 hadi 130 kwa sekunde, kwa mwanamke kama 200, kwa mtoto zaidi ya hapo. Mwanamke akivuta "aaa" kwa dakika moja, nyuzi zake zimegongana mara 12,000 hivi, nazo hazifiki hata sentimita 2 kwa urefu! Kupandisha sauti iwe nyembamba, misuli midogo inazivuta ziwe ndefu na nyembamba, nazo zinatikisika haraka zaidi. Kupaza ni suala jingine: hewa inasukumwa kwa nguvu zaidi kutoka chini, nazo zinafungana kwa kishindo zaidi. Maneno yenyewe yanaumbwa huko juu, kwa ulimi, midomo na kaakaa. Ndiyo maana siku ile midomo yangu ilitamka vizuri kabisa, ila haikuwa na cha kutamkia.

(Mtu aliyefumbua fumbo hili kwa macho yake alikuwa mwalimu wa uimbaji, Manuel García. Mwaka 1854, kwa kioo kidogo na mwanga wa jua, aliziona nyuzi zake mwenyewe zikifunguka na kufunga. Alikuwa amefundisha watu kuimba miaka mingi kabla ya hapo, na hilo hunifariji.)

Daktari alinipa saa. Nikavuta "sss" kwa pumzi moja: sekunde 20. Nikavuta "zzz": 11, na mwisho ikakatika kwa mkwaruzo. Nyuzi zikiwa nzima, namba hizo mbili hukaribiana. Zangu zilikuwa zimevimba, hazifungani sawasawa, hewa inavuja.

Kosa nililolifanya baada ya hapo ni kunong'ona siku mbili nzima, nikijiona mtu wa nidhamu. Kunong'ona kwa kukaza ili watu wakusikie kunabana misuli yote ya shingo. Kama ni kupumzika, nyamaza. Kama lazima useme, sema kwa sauti yako ya kawaida, taratibu, maneno machache. Na ile tabia ya kujikohoza ili kusafisha koo ni kuzipiga nyuzi makofi. Nilipoanza kuhesabu, nilijikuta nafanya hivyo karibu kila sentensi ya tatu. Siku hizi nameza mate au napiga funda la maji.

Maji yenyewe usiyaache. Hayagusi nyuzi yanapopita, ila yanarudi kwa njia ndefu ya damu na kuzipa ute unaozilainisha, kwa hiyo kunywa tangu asubuhi, usisubiri kukauka. Kinachofika pale moja kwa moja ni unachokivuta kwa pumzi: mvuke unasaidia, moshi unachoma.

Kilichonisaidia kuliko yote, naona aibu kukiri, ni kufunga dirisha. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba kelele zikizidi mtu hupaza sauti bila kujua. Nilikuwa nashindana na magari mwaka mzima. Sasa nafunga dirisha, napiga makofi kuwatuliza watoto, nawasogelea. Jioni naweka mrija kwenye glasi ya maji na kuimba "uuu" mpaka maji yatoe mapovu, dakika tano hivi. Hewa inayokutana na kizuizi mbele inarudisha mgandamizo, na nyuzi zinagusana kwa upole.

Lakini sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu bila dalili ya kupona, nenda ukachunguzwe. Mshipa wa fahamu unaoendesha uzi wa kushoto hushuka mpaka kifuani, unazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ndipo unapanda tena shingoni, kwa hiyo tatizo la kifuani linaweza kusikika kwenye sauti. Ukiona uvimbe shingoni, unatema damu, au kumeza na kupumua kumekuwa kazi, usisubiri hizo wiki.

Mimi nilihitaji wiki sita. Leo asubuhi, kabla ya kuingia darasani, "zzz" yangu imefika sekunde 19.