Wafungwa wajawazito wa Uingereza, 2020
Je, wafungwa wajawazito wa Uingereza waliachiliwa wote wakati wa korona? Hapana, hawakuachiliwa wote. Tangazo la serikali la Machi 31, 2020 liliruhusu wajawazito, pamoja na mama wanaolea watoto wachanga katika vitengo maalumu gerezani, watoke kwa muda, lakini kila mmoja alipaswa kwanza kuthibitishwa kuwa si hatari kwa jamii na awe na makazi yanayofaa, na waliotoka hatimaye walikuwa wachache mno. Kamati ya Pamoja ya Haki za Binadamu ya Bunge ililalamikia jambo hilo katika ripoti yake ya Julai mwaka huo, ambayo kwa maoni yangu inafaa kusomwa zaidi kwa yale inayosema kuhusu watoto walioachwa nyumbani: ziara zilisimamishwa tangu Machi, wafungwa wengi wakafungiwa vyumbani hadi saa 23 kwa siku, na hata ziara ziliporejeshwa, mtoto aliketi mbele ya mama yake bila ruhusa ya kumkumbatia. Haya ni ya England na Wales; Scotland na Ireland ya Kaskazini zina idara zao za magereza.