Jibu: Vidudu vinavyoruka ukumbini

Dada, umesema viko kwenye busati la ukumbini hapo Wete, vyekundu vyeusi, vinauma vifundoni, na paka anajikuna usiku kucha. Hao ni viroboto. Wale wadogo uliowaona chooni penye majimaji ni wengine, hawaumi. Kausha sakafu, acha dirisha wazi, watapotea.

Ukitaka uhakika kuwa ni viroboto, weka sahani ya maji yenye sabuni chini ya taa usiku. Asubuhi utawakuta wamezama.

Kumpulizia paka dawa peke yake hakutoshi. Mayai hayagandi kwenye manyoya, yanadondoka busatini na kwenye nyufa za sakafu. Kwa hiyo fagia kila siku, taka zifunge mfukoni uzitoe nje. Matandiko yafue kwa maji ya moto, busati likung'ute ulianike juani. Viroboto wachanga walio bado ndani ya vifuko vyao dawa haiwapati vizuri, hutoka baadaye, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya pili.

Nakuomba sana: dawa yenye permethrini (sumu ya kuulia wadudu), hata ile ya mbwa, usimpake paka. Inaweza kumuua. Muulize daktari wa mifugo dawa ya paka.