Osileta yangu ya GPS haitulii, nimekosea wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimejiundia osileta (saketi inayotoa mapigo ya umeme kwa kasi moja) ya megahezi 10 kwa ajili ya redio zangu, kristali ya oveni, ile inayotunzwa kwenye joto lisilobadilika, niliitoa kwenye mtambo mbovu wa mnara wa simu nikaifunga na moduli ya GPS inayotoa pulsi moja kila sekunde, programu inaangalia pulsi imewahi au imechelewa kiasi gani inarekebisha volti ya kristali hapohapo. Sasa namba zinaruka tu, mara imewahi nanosekunde 20 (sekunde moja ina nanosekunde bilioni) mara imechelewa 15, na feni ikiwashwa ndo balaa. Ninunue kristali nyingine? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, usinunue kitu. Kristali yako nadhani ni nzima, ila unaichosha.

Huko kuruka kunatoka kwenye moduli yenyewe, maana inaweza kutoa pulsi pale tu saa yake ya ndani inapopiga, na kama saa hiyo ni ya megahezi 48 basi kati ya pigo na pigo kuna kama nanosekunde 21, kwahiyo pulsi inawahi au inachelewa kidogo hata setilaiti ziwe sawa kabisa. Ukichora grafu utaona meno ya msumeno. Sasa wewe ukiona nanosekunde 20 unataka uzifute ndani ya sekunde moja, hiyo maana yake unaisukuma kristali hezi 0.2 nzima! Zifute taratibu kwa sekunde 1000 na msukumo unashuka mpaka hezi 0.0002.

Fikiria mtu anayerekebisha saa ya ukutani kila akisikia adhana, na muadhini leo kawahi sekunde kadhaa kesho kachelewa, saa hiyo haitatulia milele, lakini akiiacha mwezi mzima ndo akalinganisha atajua kabisa inakimbia au inabaki nyuma. Kwa muda mfupi iamini kristali, kwa muda mrefu iamini setilaiti.

Kwanza zima marekebisho, weka volti moja isiyobadilika, acha oveni ipate moto siku nzima, halafu rekodi pulsi inavyowahi na kuchelewa kwa saa moja, uchore grafu. Yale meno ni ya moduli, ule mteremko wa grafu nzima ndo wa kristali, na ukiona nanosekunde 100 kwa sekunde 1000 hapo kristali imekosea sehemu 1 kati ya bilioni 10 tu, ni nzuri sana hiyo. Baada ya hapo ndo urudishe marekebisho, anza kwa kufuta kosa ndani ya sekunde 100 upandishe polepole. Moduli za GPS za kampuni ya u-blox za kazi ya kupima muda, kama NEO-M8T, zinakutumia pia kosa la kila pulsi ulitoe kwenye hesabu, lakini usikimbilie huko kwanza.

Feni sasa. Weka kristali ndani ya boksi lisilopitisha upepo, na angalia waya wa ethi (ule wa kurudishia umeme), maana upepo ukipiga oveni inavuta umeme zaidi, na kama volti ya kurekebisha inarudi kwa waya huohuo wa oveni basi inasogea. Kristali inayosogea hezi 1 kwa volti 1, milivolti moja tu inakula ile sehemu 1 kati ya bilioni 10 yote. Ipe waya wake mpaka kwenye mguu wa kristali.

Urefu wa kebo ya antena usikuumize kichwa, kila mita inachelewesha kama nanosekunde 5 lakini ni zilezile kila siku, kasi ya mapigo ya kristali haiguswi.

Ile grafu ya saa moja nitumie, nataka niuone huo mteremko.