Maswali yenu kuhusu Camp David: siku 13 za Sadat na Begin

Niligusia hapa kwamba Misri na Israeli, baada ya vita vya 1948, 1956, 1967 na 1973, zilikubaliana Camp David, makazi ya mapumziko ya marais wa Marekani, Septemba 1978. Maswali yakamiminika. Nayajibu machache.

Kama walikwenda kupatana, mbona walitenganishwa? (Msomaji, Tanga)

Kwa sababu kila walipokutana walichomana. Rais Jimmy Carter wa Marekani alidhani akiwaweka Anwar Sadat, Rais wa Misri, na Menachem Begin, Waziri Mkuu wa Israeli, kwenye vibanda vya msituni Maryland, mbali na waandishi wa habari, watazoeana. Wapi! Siku za mwanzo ziliishia kwa kufokeana. Baada ya hapo hawakujadiliana tena ana kwa ana. Carter na watu wake ndio waliozunguka, kibanda hiki hadi kile. Sisi tumezoea kuamini kwamba wagomvi wakikalishwa mkeka mmoja ugomvi huisha. Hapa mkeka mmoja ndio ungevunja mkutano.

Sasa mpatanishi alikuwa na kazi gani, kubeba salamu? (Msomaji, Nakuru)

Alikuwa na karatasi. Wamarekani waliandika rasimu moja, wakampelekea huyu, akalalamika, wakarekebisha, wakampelekea yule. Rasimu zilifika 23. Uzuri wake ni huu: ukikubali pendekezo la adui umeshindwa, ukikubali la mpatanishi umekuwa muungwana. Begin alikuwa mwanasheria, akibishania kila neno. Sadat alisoma masharti makali mbele yake, lakini kwa siri alikuwa amemkabidhi Carter orodha ya mambo ambayo angeweza kulegeza. Bila imani ya namna hiyo, mpatanishi ni tarishi tu. Na imani hiyo nusura ivunjike: siku ya 11 Sadat alifunga mizigo aondoke. Carter alimfuata kibandani akamwambia kwamba akienda, urafiki wao umekwisha.

Ile habari ya picha za wajukuu ni kweli? (Msomaji, Zanzibar)

Ni kweli. Siku ya mwisho Begin alikasirishwa na barua ya Marekani kuhusu Jerusalem, akawa tayari kurudi kwao. Carter akamletea picha zao watatu alizozitia saini, kila moja ikiwa na jina la mjukuu mmoja wa Begin. Mzee akayasoma majina, sauti ikamtetemeka. Lakini tusidanganyane, picha peke yake haikutosha: barua nayo iliandikwa upya.

Begin aliapa kutong'oa makazi ya walowezi wa Kiisraeli Sinai, rasi ya Misri ambayo Israeli iliiteka 1967. Alijinasuaje? (Msomaji, Bujumbura)

Aliliachia Bunge la Israeli. Wabunge wakapiga kura, 84 wakaunga mkono na 19 wakapinga, kiapo chake kikapata pa kufia. Mkataba wenyewe ulisainiwa Washington, 26 Machi 1979.

Na Wapalestina? (Msomaji, Muscat)

Hawakuwepo. Makubaliano yalikuwa na sehemu mbili: ya Sinai iliandikwa ikaeleweka, ya kujitawala kwa Ukingo wa Magharibi na Gaza ikaachwa na maneno ambayo kila upande uliyasoma utakavyo. Mohamed Ibrahim Kamel, Waziri wa Mambo ya Nje wa Misri, alijiuzulu hukohuko Camp David. Kwa maoni yangu aliona mbali kuliko bosi wake.

Sadat alifaidi nini? (Msomaji, Mwanza)

Yeye binafsi, Tuzo ya Nobel ya Amani aliyogawana na Begin, na maadui wengi. Umoja wa Nchi za Kiarabu uliisimamisha Misri uanachama na kuhamisha makao yake kutoka Cairo kwenda Tunis. Tarehe 6 Oktoba 1981 wanajeshi wenye msimamo mkali walimuua kwenye gwaride. Israeli ilimaliza kuondoka Sinai Aprili 1982, isipokuwa Taba, kipande kidogo cha pwani kilichobishaniwa mbele ya wasuluhishi wa kimataifa hadi Misri ikakirudishiwa 1989.