Maswali Yenu: Picha Nzuri Bila Photoshop ya Kukrakiwa

Mwezi huu meseji nyingi zimetoka kusini, kuanzia Masasi na Newala mpaka Lindi mjini, na karibu zote zinauliza kitu kimoja, mtu atatengenezaje picha bila kununua programu. Nimechagua hizi hapa, naamini majibu yatawafaa na wengine.

Kaka habari za kazi. Nina studio ndogo hapa Masasi, pasipoti saizi ndo zinanilisha. Kompyuta yangu RAM 4, Photoshop nilipewa na jamaa kwenye flashi. Tangu aiweke mashine imekuwa nzito, matangazo yanajifungua yenyewe, na flashi ya mteja ukiichomeka tu mafaili yanageuka shotikati. Nifanyeje? – Mpiga picha, Masasi

Pole sana ndugu yangu. Hizo shotikati ni kirusi, na kinachoniuma zaidi ni kwamba hakiishii kwako, mteja anaondoka na flashi yake anaenda kuichomeka kazini kwake au steshenari ya pili, huko nako kinaanza upya. Programu za kukrakiwa mara nyingi ndo zinakuja na mizigo ya hivi, maana aliyeivunja kufuli unadhani amekufanyia hisani bure? Kwa hiyo toa picha za wateja, picha tu, usihamishe shotikati wala faili lolote la kufungulia programu, uziweke pembeni, alafu piga Windows upya na uweke antivairasi kabla hujachomeka flashi ya mtu yeyote.

Ukishamaliza weka GIMP, programu ya kutengeneza picha kama Photoshop. Ishushe gimp.org kwenyewe, sio kwenye zile saiti zenye vitufe kumi vya kudanganya. Hii ni bure kabisa, sio ya majaribio, hakuna siku itakuja kukwambia muda wako umeisha lipia. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley kule Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis, na mpaka leo inaendelezwa na watu wa kujitolea. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025. RAM 4 kwa pasipoti inatosha, ila usiwe umefungua na brauza yenye tabu ishirini pembeni.

Sasa pasipoti yenyewe. Chukua kifaa cha kukata, Crop, weka tiki palipoandikwa Fixed, chagua Aspect ratio uandike 35:45, hiyo ni saizi ya milimita 35 kwa 45 ambayo ofisi nyingi zinaitaka (ila muulize mteja kwanza anaipeleka wapi, kuna nchi viza zao zinataka mraba). Buruta mpaka kichwa na mabega vikae sawa, bonyeza Enter. Alafu nenda Image, Scale Image, rezolusheni weka 300, upana pikseli 413, urefu unajipanga wenyewe 531. Ukizilaza vizuri kwenye karatasi ya picha ya sentimita 10 kwa 15 zinaingia 8.

Kitu kimoja kinawakwaza wengi wakihamia GIMP: ukibonyeza Save inahifadhi faili la XCF, ambalo simu ya mteja haitalifungua. Ukitaka JPG nenda Export As. Lakini ile XCF usiifute, ndo yenye tabaka (layers) zako zote, mteja akirudi kesho anataka bakigraundi ya bluu badala ya nyeupe unabadilisha dakika mbili. JPG kila ukiifungua ukaihariri na kuihifadhi tena inapoteza ubora kidogo, mwisho uso unakuwa na vumbivumbi.

Na kama una mafaili ya zamani ya PSD, yaani yale ya Photoshop, fungua Photopea kwenye brauza. Ameitengeneza mtu mmoja, Ivan Kutskir, inafanana sana na Photoshop kwa hiyo mkono wako hautahangaika. Ina matangazo pembeni, lakini picha inafanyiwa kazi humohumo kwenye kompyuta yako, haipandishwi kwenda popote, na kwa bando letu hilo ni jambo kubwa.

Mambo vipi. Nauza vinyago Mikindani, napiga picha kwa simu natuma kwa wateja wa Dar na nje. Tatizo mpingo unatoka mweusi tii, macho na mikunjo ya uso haionekani kabisa, wanadhani nimewatumia picha ya mkaa. Kuna app ya bure? – Dada wa vinyago

Ipo dada, inaitwa Snapseed, ya Google, bure, haina matangazo na ukishaishusha haihitaji bando. Ila kabla ya app tuanze na kitambaa. Nina hakika unaweka kinyago juu ya shuka jeupe. Kamera ya simu inapima mwanga wa eneo zima, ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, na mpingo ambao tayari ni mweusi ndo unazama. Toa shuka, tandika gunia la korosho, lile la katani. Rangi yake iko katikati, na mpingo ukikaa juu yake unapendeza kweli. Kaa karibu na dirisha au chini ya kibaraza, mwanga utokee ubavuni, sio jua la saa saba utosini na wala sio flashi ya kamera. Gusa uso wa kinyago kwenye skrini, alafu pandisha kile kialama cha jua kidogo.

Hapo ndo ufungue Snapseed. Ingia Tune Image, pandisha Shadows taratibu mpaka uone alama za patasi, ukizidisha mpingo unakuwa wa kijivu kama umepakwa majivu, rudi nyuma. Kisha Details, Structure kidogo tu. Usiguse rangi. Mteja akipokea mzigo autambue kuwa ndo ule aliouona.

Mwanangu, sisi kikundi cha kina mama Newala tunabangua korosho na kufungasha. Mjukuu alitutengenezea lebo kwenye Canva, kwenye simu nzuri, tulipochapa Mtwara maandishi yakatoka na ukungu. Hela imeenda. – Mama, Newala

Shikamoo mama, na poleni kwa hasara. Kwa maelezo yako nahisi lebo ilitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, na WhatsApp inaibana picha ili iwe nyepesi. Mwambie mjukuu asianze upya. Afungue Canva, kwenye kupakua achague PDF Print, hiyo ipo hata kwa asiyelipia, alafu akituma kwa mchapaji atume kama dokumenti, sio kama picha. Baadaye akipata kompyuta ajifunze Inkscape, nayo ni bure, inachora kwa mistari badala ya pikseli, logo ileile mtaibandika kwenye pakiti ya gramu 100 au kwenye bango la barabarani bila kuingia ukungu. Na mwombeni mchapaji awatolee nakala moja muikague kabla hajachapa mia tano.

Nina picha moja tu ya marehemu babu, ya studio ya zamani Lindi, imechanika na upande wa shavu umeliwa na unyevu. Kuna saiti za AI zinasafisha bure, nipandishe? – Mjukuu, Lindi mjini

Hili naomba unisikilize kwa makini. Hizo saiti hazifukui shavu lililopotea, zinabuni jipya kutokana na nyuso nyingine zilizofundishiwa. Utapata picha safi ya mzee anayefanana na babu, na wadogo zenu ambao hawakumuona watamkariri huyo. Pili, picha ya familia ukishaipandisha kwenye saiti usiyoijua huwezi kujua itakaa wapi.

Peleka kwenye skana, sio kupiga kwa simu, iskaniwe kwa dpi 600 (nukta kwa kila inchi), ihifadhiwe TIFF au PNG, hiyo ndo asili, isiguswe. Tengeneza kopi. Kwenye GIMP tumia Heal na Clone, unachukua sehemu nzima iliyo jirani unazibia mpasuko, kidogo kidogo, ukiwa umeikuza mpaka uone punje. Mpasuko kwenye kanzu au ukutani ziba bila wasiwasi. Shavu, kama limebaki nusu, iache nusu, au kaa na mama au shangazi wanaomkumbuka wakuelekeze. Karatasi yenyewe itie kwenye bahasha, kabatini, mbali na ukuta wenye unyevu.

Nawezaje kufuta watermark, yale maandishi ya mwenye picha, kwenye picha niliyoitoa mtandaoni? Ni ya magofu ya Kilwa Kisiwani, nataka kwa bango la safari zangu. – Kijana wa utalii

Usifute, ile ni jasho la mtu. Nenda Wikimedia Commons, ghala la picha za bure mtandaoni, utafute Kilwa Kisiwani, zipo za msikiti mkuu na za Husuni Kubwa, nyingi unaruhusiwa kutumia hata kibiashara. Soma leseni chini ya picha, ikiwa CC BY andika jina la mpigaji pembeni ya bango, ikiwa CC BY-SA na ukaibadilisha, basi na kazi yako uiachie kwa masharti yaleyale. Vinginevyo panda boti na simu yako, asubuhi na mapema mwanga ukiwa bado laini, upige zako.