Jiwe Halina Kosa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu, Morogoro. Tulifanya praktikali ya pendulamu: uzi wa sentimita 100 umefungwa jiwe, unaliachia, unahesabu likienda na kurudi mara 20. Nilipata sekunde 38, na nikikokotoa, g (kipimo cha mvutano wa dunia) inakuja 10.9 badala ya 9.8. Nimerudia mara tatu, jibu ni lile lile. Wenzangu wanasema jiwe langu lilikuwa zito mno. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jiwe halina kosa. Jiwe zito huvutwa na dunia kwa nguvu zaidi, ila nalo ni gumu zaidi kusogea, kwa kiwango kile kile. Jana jioni nilifunga uzi kwenye fremu ya mlango wa jikoni nikaning'iniza nati, kisha nikaitoa nikaweka kufuli la geti, mita moja hadi katikati ya kila kimoja. Nati, sekunde 40.2 kwa mibembeo 20. Kufuli, 40.3. Tofauti hiyo ni ya kidole changu kwenye simu.

Mimi nilianza kwa kutazama jibu lako limekosea upande gani. Limezidi. Ungepima uzi hadi kwenye fundo tu, ukaisahau nusu ya jiwe, g ingepungua. Ungelivuta jiwe hadi digrii 60, kila mbembeo ungechelewa kwa asilimia 7 hivi, na g ingepungua tena. Kinachoipandisha ni muda kuwa mfupi, na wako umepungua sekunde mbili. Sekunde mbili ndizo pendulamu ya mita moja hutumia kwenda na kurudi mara moja.

Ulipoachia jiwe ulisema "moja", sivyo? Jiwe lilikuwa halijaenda popote! Ulipofika "ishirini" lilikuwa limebembea mara 19. Gawa 38 kwa 19 upate 2.0, g inakuwa 9.87.

Nimesahihisha madaftari mengi ya fizikia, na mengi yana 9.8 safi iliyopikwa ili ifanane na kitabu. Wewe umeandika ulichokiona, ndiyo maana kosa limepatikana. Nimefurahi sana.

Ukirudia, chora mstari wa chaki ukutani nyuma ya uzi ukiwa umetulia wima. Vuta jiwe kidogo tu, chini ya digrii 10, uliache libembee mara mbili tatu kabla ya kuanza saa. Uzi ukikata chaki kuelekea kulia, bonyeza huku ukisema "sifuri". Ukikata tena kuelekea kulia, ndiyo moja. Pale katikati jiwe lina kasi kubwa kuliko popote, kwa hiyo huwezi kukosea limepita lini. Kule mwishoni hujivuta hadi hujui limegeuka saa ngapi.

Na ukipata 9.78 usiifute. Karibu na ikweta mvutano wa dunia ni hafifu kidogo kuliko Ulaya. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikuwa Cayenne, Amerika ya Kusini, akakuta saa ya pendulamu iliyokwenda sawasawa Paris inachelewa dakika mbili na nusu kila siku. Ikambidi aifupishe pendulamu. Cayenne iko digrii 5 kutoka ikweta. Morogoro yenu ni karibu 7.