Boriti za daraja la zamani kwenye nyumba: pima kwanza, ndipo uchore

Yaya, umeuliza kama boriti za chuma na mabamba ya zege ya daraja lililobomolewa vinaweza kubeba ghorofa yako pale Kampemba, au fundi anakudanganya. Hakudanganyi. Daraja hujengwa libebe malori. Vitanda na kabati ni mzigo mdogo kwake. Marekani, barabara ya juu ya Boston ilipovunjwa na kuhamishiwa chini ya ardhi, tani kama 270 za chuma na zege zake zilijenga nyumba moja huko Lexington. Mabamba yalikuwa na nguvu hata wakapanda bustani juu ya paa.

Ila fundi asichore ramani kabla ya kupima boriti. Hapo ndipo nilipokosea mimi. Mwaka 2016 nilinunua boriti 12 za bohari iliyovunjwa hapa Lubumbashi, kila moja mita 6.40, na ramani yangu tayari ilikuwa na vyumba vya mita 4. Tukazikata. Baadaye baraza ikataka boriti ndefu, tukaunga vile vipande kwa kuchomelea, na kiungo kikaangukia katikati. Mwaka haukuisha, boriti ikabonyea, mlango chini yake ukagoma kufunga. Iliniuma sana, maana chuma kizima nilikuwa nacho nikakiharibu kwa mkono wangu. Ningepanua vyumba tu.

Angalia matundu ya bolti pia. Boriti huelemewa zaidi katikati, kwa hiyo ncha yenye matundu iwe ukutani. Kwangua kutu kwa brashi ya waya, pima unene sehemu kadhaa, na mhandisi apige hesabu kwa unene uliobaki.

Bamba la zege la mita 3 kwa 2, nene sentimita 20, lina uzito wa tani 3 hivi. Kabla ya kulipa, hakikisha winchi inaweza kuingia katika barabara yako.

Wakikuuzia reli ya treni uitumie kama boriti, ifunge kwa bolti. Chuma chake kina kaboni nyingi. Kikichomelewa bila kupashwa moto kwanza, hupasuka kikipoa. Mataruma ya mbao (yale yanayolazwa chini ya reli) yaliyolowekwa kreosoti, dawa ya mbao yenye sumu, usiyaingize ndani, wala watoto wasiyapikie. Na dai karatasi za muuzaji, kwa sababu reli nyingine zimeng'olewa usiku kwenye njia inayotumika.

Ukishapima, weka hapa urefu wa kila boriti na ukubwa wa kiwanja, tupange vyumba kwa kuzifuata.